Titi limevimba, picha inasema hakuna usaha. Nirudi kupasuliwa?

Shikamooni madaktari,

Naandika kutoka Nansio, Ukerewe. Nina miaka 41 na watoto wawili. Wa mwisho ana miaka 6, nilishamwachisha ziwa zamani. Kazi yangu ni kununua dagaa mwaloni, kuwaanika na kuwapeleka Mwanza.

Wiki saba zilizopita titi la kulia lilianza kuwa zito. Halikuuma, na nilipopapasa sikukuta uvimbe. Baada ya wiki mbili likawa kubwa kuliko la kushoto, la moto, na sidiria ikagoma kufunga. Ngozi imekuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, inang'aa, na upande wa chini ina vishimo vishimo. Nikivua sidiria, alama za mshono zinabaki zimechorwa hadi mchana. Chuchu imeanza kuingia ndani. Homa sina.

Nimemeza dozi mbili za antibaiotiki, ya kwanza siku 7, ya pili siku 10. Ya pili ilipunguza joto kidogo nikafurahi, kisha hali ikarudi palepale. Nikaenda kupiga altrasaundi. Majibu yameandikwa kwa Kiingereza, binamu yangu akanitafsiria hivi: "Titi la kulia: ngozi mm 5.2. Mafuta chini ya ngozi yamevimba, yana vijia vya maji. Saa nne kuna sehemu yenye kivuli, mipaka yake haieleweki. Hakuna uvimbe bayana. Hakuna usaha. Kwapani tezi tatu, kubwa mm 19, ganda lake mm 6. Maoni: maambukizi ya titi."

Kituoni wamesema nirudi Ijumaa wapasue, kwa sababu usaha "umejificha nyuma". Shangazi anasema liwe liwalo, nisikubali sindano ya kuchukua kinyama, maana ugonjwa ukishaguswa na chuma unasambaa. Mume wangu anasema kama picha haikuona uvimbe basi si kansa, nisijitie presha. Nimsikilize nani?

Mama wa Wawili, Nansio

MAJIBU

Marahaba, Mama wa Wawili, na pole sana. Ijumaa usiende kupasuliwa. Tumeanza na hilo kwa sababu ndilo lenye tarehe. Mengine yana nafasi ya siku kadhaa, ingawa si wiki nyingi.

Usaha ni kitu kinachoonekana kwenye altrasaundi. Hutokea kama kidimbwi cheusi au cha kijivu chenye ukingo mnene, ndani yake chembechembe zinaelea. Mpigaji akibonyeza taratibu kwa kichwa cha mashine, chembe zile huzunguka kama majani ya chai kwenye kikombe kilichotikiswa, na nyuma ya kidimbwi picha hung'aa zaidi. Akiwasha rangi ya kuonyesha mwendo wa damu, damu huonekana pembeni mwa kidimbwi, ndani hakuna. Majibu yako hayana lolote kati ya hayo. Na hata usaha ungekuwepo, siku hizi huanzwa kwa kuvutwa na sindano huku picha inaangaliwa, kisha kurudiwa baada ya siku mbili tatu mpaka uishe. Kisu kikiingia kwenye titi lililojaa maji lisilo na usaha huacha kidonda kinachovuja na kukataa kufunga. Kama ugonjwa wenyewe ni ule tunaouhofia, kidonda hicho kitachelewesha dawa unazozihitaji.

Mume wako amesoma "hakuna uvimbe" akatua mzigo. Sisi tumesoma mstari uleule tukaongeza wasiwasi. Mwanamke asiyenyonyesha, titi moja limevimba kwa haraka, antibaiotiki mbili hazijalirudisha, halafu picha inasema hakuna usaha: basi kinachovimbisha ni nini? Ungekuwa unanyonyesha, una homa na titi linauma mpaka hutaki liguswe, tungefikiria maambukizi kwanza. Hata huko, titi ambalo halijarudi sawasawa ndani ya wiki moja hadi mbili za dawa haliongezewi dozi ya tatu. Linapigwa picha na kuchukuliwa kinyama.

Ugonjwa unaopaswa kuthibitishwa au kuondolewa kwanza ni saratani ya titi ya aina ya uchochezi, yaani inayolivimbisha titi na kulipa joto kama lenye maambukizi. Ni adimu; Marekani huhesabiwa kati ya 1 na 5 katika kila saratani 100 za titi. Saratani nyingi za titi hukaa kama sangara mmoja mkubwa, unamgusa unajua yupo. Hii husambaa kama dagaa. Seli zake huingia kwenye vijia vyembamba vya limfu ndani ya ngozi na kuviziba, maji yakakosa njia ya kurudi, titi likavimba, likapata joto na kubadilika rangi. Linafanana na titi lenye wadudu, lakini kilichopo ni mfereji ulioziba, ndiyo maana antibaiotiki haifiki popote. Ile nafuu ndogo uliyoiona kwenye dozi ya pili isikuzuzue, hutokea.

Vishimo ulivyoviona chini ya titi ni ngozi iliyovimba kuzunguka vinyweleo, ambavyo vyenyewe vimeshikiliwa chini; ndiyo inayofananishwa na ganda la chungwa. Alama ya sidiria inayobaki hadi mchana inatokana na maji hayohayo. Kuhusu rangi, maelezo mengi ya ugonjwa huu husema titi "jekundu", lakini kwenye ngozi zetu nyekundu hiyo mara nyingi hutokea kama weusi uliozidi, zambarau au mng'ao tu. Wagonjwa wengi huambiwa hawana wekundu kwa sababu aliyewatazama alisubiri rangi ya nyanya.

Sasa tuisome picha yako. Ngozi ya titi ya kawaida haizidi mm 2 sehemu nyingi. Karibu na chuchu na kwenye mkunjo wa chini huwa nene kidogo zaidi. Yako ni mm 5.2. Vijia vya maji kwenye mafuta huenda ndivyo hivyo vya limfu vilivyoziba. Rangi ya damu ikiwashwa juu yake na isionekane damu ikipita, si mishipa ya damu. Tezi ya kwapani yenye afya ina ganda jembamba na moyo mweupe wa mafuta katikati. Ganda likizidi mm 3 tunalitilia shaka, lako ni mm 6. Kwa haki tuseme kwamba maambukizi nayo huvimbisha tezi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakihukumu.

Kuna mstari mmoja tunahisi binamu yako aliuponza kwa nia njema. Sehemu za titi huelezwa kwa uso wa saa ya ukutani, kana kwamba saa imebandikwa juu ya titi na daktari anaitazama kwa mbele. Binamu ameandika "saa nne". Chukua karatasi yenyewe uone tarakimu. Kama imeandikwa 10, yeye ameigeuza kama tunavyogeuza muda wa basi, na amekuhamishia ugonjwa upande wa pili. Kwenye titi la kulia, 10 ya mshale ni juu, upande wa nje, kuelekea kwapani. Namba 4 ni chini, upande wa katikati ya kifua. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua sindano iingie wapi, na hapo ndipo altrasaundi ina thamani kubwa kwako. Haiwezi kukuambia jina la ugonjwa, inaweza kuonyesha pa kuchukua kinyama.

Picha irudiwe, na safari hii ipigwe na mtu anayepiga matiti mara kwa mara. Mwambie hali yako mwanzoni: wiki ngapi, dawa gani, na kwamba hunyonyeshi. Kichwa cha mashine kiwe kile kilichonyooka, cha megahezi 12 hivi. Kile cha mviringo cha kupimia mimba hakifai. Hukupa picha ya kina kirefu lakini ngozi yote huigeuza utando mmoja. Ulale chali, ukigeukia kidogo upande wa pili, mto mdogo chini ya bega la kulia, mkono wa kulia juu ya kichwa, ili titi lisambae juu ya kifua.

Jeli iwe nyingi kweli, tabaka nene, na kichwa cha mashine kielee juu yake. Hapa makosa ni mawili na yote husababishwa na mkono mzito. Ukibonyeza, ngozi iliyovimba hubanwa na kupimwa pungufu; na mishipa midogo ya damu hufungwa, rangi isionekane, mtu akaandika "hakuna ongezeko la damu". Ngozi hupimwa kutoka mstari mweupe wa juu hadi mstari mweupe wa chini yake, kisha titi la kushoto hupimwa mahali palepale. Majibu yako hayakutaja la kushoto kabisa. Kama ngozi ni nene pande zote mbili, moyo au figo huulizwa kwanza, maana maji ya mwilini hutuama hata kwenye matiti.

Kosa la tatu ni la mashine kuliko la mkono. Titi lililojaa maji hutawanya mawimbi ya sauti. Kwa megahezi 12 ngozi utaiona vizuri, lakini sentimita 4 au 5 ndani kunakuwa na ukungu, na uvimbe mdogo uliokaa nyuma ya ukungu huo hupita bila kuonekana. Akishamaliza ngozi, mpigaji ashushe mawimbi hadi megahezi 7 au 8, aongeze kina, na arudie titi zima, nyuma ya chuchu, kwapani, chini na juu ya mtulinga, na pembeni mwa mfupa wa kifua. Ile "sehemu yenye kivuli" yako huenda ikajieleza zaidi hapo. Majibu yaandikwe namba ya saa na sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu, na mwishoni daraja la shaka kati ya 0 na 6. Sifuri maana yake kazi haijaisha. 4 na 5 maana yake kinyama kichukuliwe.

Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, ya matiti yote mawili nayo inahitajika. Titi likiuma mno kubanwa, angalau la kushoto lipigwe, kwa sababu nalo lina haki ya kuchunguzwa.

Hatujakuambia una saratani, na tusingeweza kwa barua. Vipo vingine vinavyovaa sura hii. Kifua kikuu cha titi kipo, hasa kukiwa na tundu linalotoa maji au tezi za kwapani zilizoshikana. Upo uchochezi wa vinundu usio na mdudu, ambao hupenda wanawake waliozaa miaka michache iliyopita. Kwenye picha huonekana kama kiza chenye vidole vinavyojipenyeza kwenye nyama ya titi, na vijipu vidogo vingi. Huo hutibiwa hata kwa dawa za steroidi, lakini ole wake anayezianza kabla ya kuondoa kifua kikuu. Na kuna uvimbe adimu zaidi, uliotengenezwa na seli ndefu kama nyuzi zilizochanganyika na seli za uchochezi. Kwenye altrasaundi unaweza kufanana na saratani kwa kila kitu, na tiba yake ya kwanza ni kuukata wote na ukingo safi. Ukiona magonjwa manne yenye tiba nne tofauti yakigombea picha moja, utaelewa kwa nini hatumwamini anayetaja jina kwa kuitazama skrini.

Kwa hiyo kinyama. Mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba sindano hii haifupishi maisha ya mgonjwa, na njia inayopita huondolewa au hupigwa mionzi baadaye kama ni saratani. Ugonjwa huu husambaa wenyewe ukiachwa, chuma hakihitaji. Utachomwa dawa ya ganzi, ngozi ikatwe mm 3 au 4, kisha sindano nene ya geji 14, upana wake kama mm 2, iingie ikilala sambamba na kifua ili isifike kwenye pafu. Ina springi, italia "tak!", waombe wakulizie kabla ili usishtuke. Vichukuliwe vipande 4 au zaidi kutoka sehemu yenye kivuli. Tezi ya kwapani nayo ichomwe. Na kwa kuwa uvimbe bayana haupo, ngozi yenyewe ikatwe vipande viwili vya mviringo vya mm 4 hivi pale ilipobadilika zaidi, kila kidonda nyuzi moja au mbili. Ukimaliza pakandamizwe dakika 10. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, useme siku ya kupanga.

Majibu ya ngozi yakirudi safi hayakutoi kwenye kesi, kwa sababu zile seli huweza kukosekana kwenye kipande kidogo. Na kama kituo kina sindano nyembamba tu ya kunyonya seli, shukuru lakini omba rufaa. Seli zinaweza kuonyesha saratani bila kuonyesha ni ya aina gani na imeota vipi.

Chupa ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Vipande viingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa vipande, chupa iwe na mdomo mpana, nje pameandikwa jina, upande, namba ya saa, na saa kilipotumbukizwa. Vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani kukua), ambavyo ndivyo vinavyochagua dawa, vinataka kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72. Kipande kilichowekwa kwenye maji ya dripu, au kilichosahauliwa juu ya kabati wiki nzima kikisubiri mtu wa kuvuka naye, kinaweza kuleta majibu ya uongo. Kipande cha kupima kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert na kwa kuotesha mdudu maabara ni kinyume chake: kiende kwenye chupa safi isiyo na fomalini, kwa sababu fomalini huua mdudu tunayemtafuta. Watumishi wengi hutia vyote kwenye chupa moja. Uliza chupa ngapi.

Kwa sababu hiyo tungependa uvuke na titi lako, kuliko kinyama kivuke peke yake. Nenda kituoni leo au kesho uombe rufaa badala ya kusubiri Ijumaa. Hospitali ya rufaa ya Bugando, pale kilimani Mwanza, ina idara ya saratani na tiba ya mionzi. Hospitali ya mkoa ya Sekou Toure nayo ni mahali pa kuanzia ukiwa na barua. Barua iandikwe: titi la kulia, wiki saba, vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani, dozi mbili hazikusaidia, ngozi mm 5.2, ganda la tezi mm 6, "kuondoa saratani ya uchochezi". Ikiandikwa "maambukizi ya titi" utapangwa foleni ya maambukizi ya titi. Na huko mapokezi sema titi. Ukisema "ziwa limechafuka", mtu wa Mwanza atatazama dirishani kwanza.

Vigezo vya ugonjwa huu vilivyokubaliwa na wataalamu wa kimataifa na kuchapishwa mwaka 2011 ni vinne: mabadiliko ya haraka, yasiyozidi miezi 6, yanayogusa angalau theluthi moja ya titi, na kinyama kinachothibitisha saratani. Kwa barua yako mawili ya kwanza unayo. La tatu apime daktari, kwa hiyo lipige picha titi kwa simu leo, mbele na pembeni, kwenye mwanga wa dirisha, na urudie kila baada ya siku tatu. La nne ndilo tunalolifuata.

Ikithibitika, mpangilio wa tiba si wa kubadilishana. Dripu za dawa za saratani hutangulia, kwa kawaida miezi kadhaa, kisha titi lote hutolewa pamoja na tezi za kwapani, kisha mionzi. Dawa za HER2 au vidonge vya homoni huongezwa kulingana na vipokezi. Akitokea daktari wa kukutoa titi wiki hiyohiyo, muulize kwa upole kwa nini dripu hazikutangulia, maana ngozi yenye seli ikikatwa mapema, ukingo wa mshono hubaki nazo. Kabla ya dripu utapimwa mimba, na kifua, ini na mifupa vitaangaliwa.

Kwa sasa, usilikande titi kwa maji ya moto wala majani. Ngozi iliyovutika namna hiyo huungua upesi, na lengelenge likitokea pale juu, daktari wa Mwanza atashindwa kujua ipi ni alama ya ugonjwa na ipi ya sufuria. Vaa sidiria pana isiyo na waya, au kanga. Dawa ya maumivu meza. Boksi za zile antibaiotiki mbili usizitupe, ziweke kwenye mfuko mmoja na karatasi ya altrasaundi, ile ya Kiingereza, si tafsiri.